Jasusi anayetubu: hadithi iliyozoeleka namna hii tuiandike vipi?

Kalamu ya Kikwajuni

Assalamu alaikum ndugu zangu.

Sisi ni kikundi cha maigizo hapa mjini Unguja, na tumo katika kuandika skripti ya filamu ya ujasusi yenye mapigano, itakayochukua kiasi cha saa moja na nusu. Limetokea jambo lililotugawa pande mbili na kusimamisha mazoezi, nami nimeona nililete hapa kwa watu wanaozitazama filamu za aina hii kwa makini kuliko sisi.

Kisa ni hiki. Kijana wa Pemba anakwenda nje kusoma, na huko anaingizwa katika idara ya ujasusi ya nchi moja ya kigeni, ambayo kwa makusudi hatukuipa jina. Anakuwa hodari wa kazi hiyo. Siku moja anatakiwa aandike ripoti ya kumtia hatiani baharia mmoja, Mpemba mwenzake, kwa tuhuma ambazo yeye mwenyewe anajua kuwa ni za uongo. Anaiandika, na baharia yule anauawa. Baada ya hapo kijana anaitoroka kazi, anarudi Wete kwa jina jingine na kuishi kimya kimya kwa kibarua cha karafuu. Miaka kumi inapita. Mkuu wake wa zamani anatokea kisiwani akijifanya mwekezaji wa hoteli, anamteka mtoto wa jirani, na anataka apewe nyaraka ambazo kijana aliondoka nazo. Hapo ndipo ngumi na bunduki zinapoanza. Mwisho mtoto anaokolewa, adui anaangamia, na stelingi wetu anafia ndani ya boti alfajiri akiwa amejitoa mhanga.

Skripti hiyo tulimpa mzee mmoja ambaye maisha yake yote amekuwa mpenzi wa sinema. Alisoma kurasa ishirini za mwanzo, akaifunga, akatusimulia yaliyobaki; alichokosea ni rangi ya boti tu.

Tangu siku hiyo nusu ya kikundi wanasema kisa hiki kimechakaa na kitupwe. Nusu nyingine wanasema kibaki lakini mwisho ubadilishwe, kwa sababu watazamaji wetu wamezoea kwamba stelingi hafi. Basi ninauliza: je, kisa cha jasusi mwovu anayejirekebisha kwa kumwokoa asiye na hatia kimezoeleka kiasi cha kutofaa tena? Na kama bado kinafaa, ni nini hasa kinachotakiwa kibadilike ndani yake?

Maalim wa Vuga

Wa alaikum salaam warahmatullahi wabarakatuh.

Mwanangu, kuzoeleka si ila. Watu waliokuwa wakijaa Majestic hapa Vuga, au Empire, au Cine Afrique, walikuwa wakiirudia filamu moja ya Kihindi mpaka nyimbo zake wanaziimba njiani, na hakuna aliyekwenda dirishani kudai fedha za tiketi kwa kuwa mwisho anaujua. Mtu hurudi kuangalia kisa anachokijua kwa sababu anataka kuona namna binadamu fulani atakavyolibeba zito lililomfika. Kwa hiyo yule mzee, kwa maoni yangu, hakuchoshwa na mwisho wenu. Alichoshwa na kuwa stelingi anaufikia mwisho huo bila ya kutoa chochote ambacho mtazamaji angekihisi kuwa ni malipo. Ndiyo, anakufa, lakini kufa katika filamu ni jambo jepesi mno; mwigizaji hulala chali, akafumba macho, akangoja muziki.

Hii mliyoiandika ni hadithi ya toba, na juu ya toba sisi hatuna haja ya kwenda kuazima. Kila aliyepita chuoni anayajua masharti yake: kuliacha kosa, kulijutia, na kuazimia kutolirudia, na likiwa kosa lenyewe linagusa haki ya binadamu mwenzako, sharti la nne ni kumrudishia haki yake au kumtaka radhi. Stelingi wenu ameyatimiza matatu ya mwanzo kabla ya ukurasa wa ishirini. La nne hamkuliandika hata kwa mstari mmoja.

Filamu nyingi za ujasusi hupita hapohapo mlipopita ninyi. Jasusi amewaua wasio na hatia huko nyuma, basi anatafutiwa mtoto mmoja wa kumwokoa, mara nyingi binti mdogo mwenye macho makubwa, na akishamtoa salama tunaambiwa kwamba hesabu zimefungwa. Haki ya mja hailipwi hivyo. Ukidaiwa na Kombo huwezi kumlipa Faki ukasema deni limekwisha.

Iko filamu maarufu ya aina hii iliyoliona jambo hili, na ningependa muitazame kwa nia ya kujifunza. Ni ya pili katika mfululizo wa Jason Bourne, yaani The Bourne Supremacy ya mwaka 2004, iliyoongozwa na Paul Greengrass na kuchezwa na Matt Damon. Katika ile ya kwanza, ya 2002, Bourne ni jasusi aliyepoteza kumbukumbu, aliyeopolewa na wavuvi kutoka bahari ya Mediterania akiwa na risasi mgongoni, na baadaye anatambua kwamba alishindwa kumuua kiongozi mmoja wa Kiafrika aliyekuwa uhamishoni kwa sababu alimkuta na watoto wake. Huko ni kujizuia, na kujizuia ni mwanzo tu wa safari. Katika ya pili inamrudia kumbukumbu ya kazi yake ya awali kabisa: katika hoteli mjini Berlin alimuua mwanasiasa wa Kirusi aitwaye Neski, na kwa kuwa mke wa Neski alitokea bila ya kutarajiwa, alimuua na yeye, kisha akakipanga chumba kionekane kana kwamba mke ndiye aliyempiga mumewe risasi halafu akajiua. Binti yao alikua akiamini hivyo.

Tazameni sasa inavyomalizika. Tupo Moscow, magari yanafukuzana. Bourne yumo ndani ya teksi ya manjano, anayemfukuza anaendesha Mercedes kubwa jeusi, na mambo yanakwisha ndani ya handaki la barabara. Mwongozaji mwingine angefunga pazia hapo. Greengrass anamchukua mtu wake, naye ana jeraha na anachechemea, mpaka kwenye fleti ya yule binti. Binti anaingia kutoka nje na kumkuta mwanamume asiyemjua amekaa ndani akimngoja. Bourne hamwombi kitu. Anaanzia kwenye picha ya wazazi wake, kisha anamweleza kwamba ayajuayo juu ya kifo chao siyo, kwamba mama yake hakumuua baba yake wala hakujiua, na kwamba aliyewaua ni yeye, kwa kuwa ndiyo kazi aliyotumwa. Anasema anasikitika, anatoka, anakwenda zake katika theluji. Binti amebaki analia, na hakuna pahala alipotamka kwamba amemsamehe. Dakika zile chache zinafanya kazi ambayo risasi zote zilizotangulia hazikuifanya, kwa sababu anayetendewa wema ni yuleyule aliyetendewa uovu, na wema wenyewe ni kurudishiwa heshima ya mama yake.

Swali langu kwenu basi ni hili: yule baharia wenu ana nani?

Mtoto wa Chake

Maalim, kwa heshima yako, ninakubaliana na nusu ya maneno haya. Nusu ya pili inanitia wasiwasi, kwani wenzetu wamesema wazi kuwa filamu yao ni ya mapigano, na ninaogopa wasije wakatoka hapa na filamu ya watu wawili wanaozungumza sebuleni kwa saa moja na nusu. Tukio la binti wa Moscow linauma kwa sababu limekuja baada ya kule kufukuzana. Mtazamaji pumzi bado hazijamkaa sawa, na ghafla kila kitu kimesimama. Liondoe la magari uone kama hili la fleti litabaki na uzito wake. Katika mabanda ya video ninayoyajua mimi, maongezi yakizidi kidogo vijana wanatoka kwenda kununua kashata.

Ushauri wangu kwa hiyo ni wa upande wa ngumi. Katika filamu hiyohiyo kuna pigano ndani ya nyumba moja mjini Munich ambapo Bourne anajihami kwa jarida lililoviringishwa dhidi ya mtu mwenye kisu. Silaha yenyewe ni karatasi, na mpaka leo watu wanalikumbuka. Kwa kikundi kisicho na fedha za kulipua magari, somo ni kwamba pigano hukaa akilini kwa sababu ya kitu kilichoshikwa mkononi. Jikoni kwetu kuna mbuzi ya kukunia nazi, kuna mchi, kuna ule mwiko mkubwa wa kupikia ubwabwa wa harusi, na sijamwona bado jasusi wa Hollywood aliyevitumia.

Jambo jingine, msiige ule mtindo wa kamera inayotikisika. Greengrass aliutumia akiwa na waigizaji waliofanyishwa mazoezi na wahariri hodari wa picha. Waliokuja baada yake wengi wameutumia kuficha kwamba watu wao hawajui kupigana. Isimamisheni kamera pahala pamoja na mrudie mazoezi mpaka ngumi ionekane inatoka wapi na inafika wapi.

Na juu ya stelingi kufa au kutokufa, hilo silioni kuwa ni suala kubwa. James Bond alikuwa katika sinema tangu 1962 bila ya kufa, na katika No Time to Die ya mwaka 2021 wamemuua. Hakuna tena atakayeshituka.

Bi Utaani

Nimeyasoma yote, na malalamiko yangu ya kwanza ni ya mtu wa Wete.

Mwanangu Kalamu, huyo kijana wako anarudi Wete kwa jina jingine na anaishi miaka kumi bila ya kujulikana? Wete hii hii? Hapa mgeni akinunua mkate siku ya kwanza huulizwa anatokea wapi, siku ya pili huulizwa ni mtoto wa nani, na haifiki Ijumaa bibi mmoja ameshamtazama pua yake na kumtajia babu yake mzaa mama. Jasusi aliyezunguka nchi za watu na kuvihadaa vyombo vya usalama asingeweza kuihadaa baraza moja ya wanawake wanaosuka ukili.

Lakini jambo hili msilikimbie, litumieni. Watu wanamjua. Wanajua ni mtoto wa fulani, wanajua alikwenda nje na kurudi amebadilika, hasemi sana, halali vizuri, na wamemsitiri kwa sababu alilolifanya huko hawalijui. Hiyo kwangu ni adhabu kubwa kuliko kujificha, kwani kila asubuhi anasalimiwa kwa wema na mjane wa mtu aliyemponza, pengine hata kupelekewa sahani ya futari mwezi wa Ramadhani, naye inambidi aipokee.

Hapo nimeshamjibu na Maalim. Baharia ana mjane, ana binti, na binti ana mtoto. Atakayetekwa na awe huyo, wala si mtoto wa jirani asiyehusika na lolote. Tena ninaomba binti apewe maneno ya kusema na kazi ya kufanya. Nimechoka na filamu ambazo mwanamke huonekana mara tatu: anapotekwa mwanawe, anapolia, na anapokumbatiwa.

Ama hilo la kufa, mimi na Mtoto wa Chake hatuko pamoja. Ni suala kubwa. Bond katika filamu ile anakufa kwa sababu mwilini mwake mmeingizwa kitu ambacho kingemuua mwanamke anayempenda na binti yake lau angewagusa tena, na kwa sababu ilibidi abaki kisiwani milango ya ghala la makombora ifunguke. Kifo kile kinawalinda walio hai. Kifo cha kijana wenu kinamlinda nani? Ninavyoona kinamlinda yeye mwenyewe, asije akamtazama mjane usoni. Amekwisha kuwakimbia watu hawa mara moja. Mkimuua ndani ya boti mmemsaidia kuwakimbia mara ya pili, tena safari hii kwa kusifiwa.

Msimuue.

Mstaafu wa Mbweni

Ninaingia katika mazungumzo haya kwa jambo la pembeni kidogo, ingawa naamini litarudi katikati.

Vijana wetu wakitaka kuandika ujasusi hukimbilia nchi ya kigeni isiyo na jina, hali ya kuwa visiwa hivi vimewahi kuwa uwanja wa ujasusi wa kweli wakati wa Vita Baridi. Wamarekani walijenga Tunguu kituo cha kufuatilia vyombo vya angani vya mradi wao wa Mercury, na John Glenn alipoizunguka dunia tarehe 20 Februari 1962 kituo kile kilikuwa miongoni mwa vilivyomfuatilia. Wapo waliokishuku tangu siku ya kwanza. Baada ya Mapinduzi ya 1964 Serikali ilitaka kiondoshwe, nacho kikaondoshwa mwaka huohuo. Januari 1965 mwakilishi wa Marekani hapa, Frank Carlucci, alifukuzwa kwa tuhuma za kula njama, tuhuma ambazo aliendelea kuzikana. Miaka ya baadaye mtu huyohuyo akawa naibu mkurugenzi wa CIA na kisha Waziri wa Ulinzi wa nchi yake kuanzia 1987 hadi 1989. Upande wa pili walikuwapo Wajerumani Mashariki, ambao dola yao ilitambuliwa na Zanzibar mwaka 1964. Hao walileta mafundi wa kujenga yale majumba ya Kikwajuni na Kilimani, na walileta pia washauri wa mambo ya usalama. Markus Wolf mwenyewe, aliyekuwa mkuu wa ujasusi wao wa nje, alifika hapa mwaka ule. Huenda baadhi ya waigizaji wenu wamezaliwa ndani ya majumba hayo.

Sisemi muandike juu ya miaka ile. Watu wake wangali hai, na wengine wangali na vidonda. Linataka busara na utafiti zaidi ya mlionao hivi sasa. Ninachotaka mchukue huko ni namna kazi yenyewe ilivyokuwa. Jasusi wa kweli muda wake mwingi husikiliza, huandika na hupeleka karatasi. Bunduki ni ya nadra. Mtu huangamizwa kwa sentensi moja iliyopigwa chapa vizuri.

Kuna filamu ya Kijerumani ya 2006, Das Leben der Anderen, iliyopata Oscar ya filamu bora ya lugha ya kigeni, ambayo inasimulia toba ya jasusi bila ya ngumi hata moja. Ni Berlin Mashariki mwaka 1984. Kapteni Wiesler wa usalama amekaa darini na vifaa vya kusikilizia masikioni, chini yake anaishi mwandishi wa tamthilia anayepelelezwa. Taratibu anaanza kuandika uongo katika ripoti zake ili kumkinga, na siku ya upekuzi anaiwahi taipureta iliyofichwa na kuitoa kabla wenzake hawajafika. Kwa kushukiwa anateremshwa cheo na kupelekwa kufungua barua za watu kwa mvuke. Ukuta wa Berlin unaanguka, miaka inapita, mwandishi anakwenda kulisoma faili lake, na katika karatasi ya mwisho anakuta alama ya kidole ya wino mwekundu, wino wa taipureta ileile. Hapo anajua. Anamtafuta, anamwona kwa mbali akisambaza matangazo nyumba kwa nyumba, na hamsemeshi. Anaandika kitabu na kukitunuku kwa namba ya siri ya yule kapteni.

Ndiyo maana nasema zile nyaraka zenu ndizo zitakazoitengeneza au kuiharibu filamu hii. Katika skripti mlivyoieleza ni nyaraka tu, hatujui zina nini, zimewekwa ili adui apate la kutafuta. Ziwe ni ileile ripoti ya uongo aliyoiandika stelingi kwa mkono wake, pamoja na amri iliyomtaka aiandike. Basi karatasi anayoitaka adui ndiyo ushahidi pekee duniani kwamba baharia hakuwa msaliti.

Kalamu ya Kikwajuni

Ninawashukuru nyote. Bi Utaani, wajumbe wawili wa kikundi chetu ni watu wa Wete na walipousoma ujumbe wako walicheka mpaka wakashindwa kuendelea, kisha wakakiri kwamba walikuwa wanaliona tatizo hilo na kunyamaza.

Nikiyaunganisha maneno yenu ninapata kisa hiki. Mtoto aliyetekwa ni mjukuu wa baharia. Adui anataka ripoti. Stelingi akiitoa, mtoto anarudi salama lakini ushahidi wa kumsafisha baharia unapotea milele. Akiikataa, heshima ya babu imebaki na mjukuu amekufa. Hawezi kuitoa nakala kwa sababu hajawahi kuthubutu kuitoa karatasi hiyo pale alipoificha. Sisi tumependelea aitoe. Mapigano yanafuata, na yapo ya kutosha kumridhisha Mtoto wa Chake, mbuzi ya nazi ikiwemo. Karatasi inaangamia baharini pamoja na adui. Stelingi yuko hai na hana ushahidi wowote, amebaki na mdomo wake tu, na inambidi aende kwa binti wa baharia akamwambie jambo ambalo angeweza kulinyamazia mpaka kufa bila ya mtu yeyote kulijua.

Hapo ndipo tulipokwama. Anamwambia, sawa. Binti atajibu nini? Wengi wetu wanataka asamehe, kwa kuwa mwanawe ameokolewa na mtu huyohuyo.

Maalim wa Vuga

Msiharakishe kusamehe kwa niaba yake. Haki ni yake, na mwandishi akimlazimisha aiachie ili filamu imalizike vizuri, atakuwa amemdhulumu mara ya pili. Kuokolewa kwa mtoto hakumfungi. Anaweza kumshukuru kwa hilo na bado asimwachie lile, na mtazamaji wetu atalifahamu jambo hilo bila ya kuelezwa.

Mngenitaka ushauri ningesema binti asijibu kwa ndiyo wala hapana. Amtake kitu. Baba yake aliitwa msaliti hadharani. Watu walilisikia, wengine hawakuja hata kwenye matanga. Basi amtake akayaseme maneno hayohayo mbele ya watu, msikitini baada ya sala au barazani, popote pale ambapo jina la baba yake lilichafuliwa. Kumwambia mtu mmoja ndani ya nyumba ni kugumu. Kuwaambia wale waliokusitiri kwa miaka kumi, mmoja mmoja unawajua kwa majina, na kisha ukapokea lolote litakalokuja, liwe ni polisi au ni migongo ya watu, hiyo ndiyo gharama iliyokosekana katika skripti yenu. Na kama mtaonyesha anakubali au mtakata pale anaponyanyuka kuvaa kanzu yake, hilo ni la mwongozaji.

Mtoto wa Chake

Hilo nimelikubali, kwa sharti kwamba lisizidi dakika nane.

Bi Utaani

Dakika nane zinatosha kama hamtowakalisha sebuleni wakatazamana macho kama watu wa kwenye runinga. Kwetu maneno mazito huzungumzwa mikono ikiwa na kazi. Waandikieni jioni ya kuchambua karafuu: jamvi limetandikwa, mafungu yapo mbele yao, mama, binti, majirani, na yeye kama kawaida yake amekuja kusaidia. Mikono inatenganisha karafuu na makonyo, hakuna anayemtazama mwenzake, na yeye anaanza kusema. Mjane aendelee kuchambua mpaka mwisho wa maneno. Ni binti ndiye atakayesimamisha mkono, na ni yeye atakayeuliza. Tafadhali karafuu ziwe mbichi, za siku ileile. Zilizokauka hazichambuliwi, na Mpemba yeyote atakayeziona kavu katika tukio hilo hatasikia neno lolote linalosemwa.

Baharia wa Mkoani

Mimi nina neno la bahari tu, kwa kuwa ninaona wote mmelipita.

Tukio la kuchambua linataka msimu wa karafuu, na karafuu huchumwa zaidi katika nusu ya pili ya mwaka. Mkija Juni au Julai kusi linavuma kwa nguvu, na upigaji wa picha ndani ya boti ndogo ya fiberi utakuwa ni wa watu kutapika. Ngojeni Oktoba au Novemba, upepo unapogeuka na bahari kutulia, hapo mnaweza kupata karafuu na boti kwa safari moja. Alfajiri mnayoitaka ina mwanga mzuri kwa muda mfupi mno, kwa hiyo pigano la botini lifanyiwe mazoezi nchi kavu mpaka limalizike bila ya kurudiwa, halafu lipigwe kwa vipande katika asubuhi kadhaa. Kila mtu avae jaketi la kuokolea chini ya nguo, hata adui anayetakiwa kuzama. Maji ya upande wa magharibi ni marefu na mkondo wake hauigizi. Kaeni ndani ya ghuba, kamera haitajua tofauti.

Kibali cha BASSFU, yaani baraza la Zanzibar linalosimamia sanaa na filamu, ni cha lazima, hilo nadhani mnalijua. Lakini pamoja nacho wapeni taarifa KMKM, kikosi cha kuzuia magendo kinacholinda bahari yetu, kwa maandishi, siku, saa na pahala, na mngoje wawajibu. Watu sita wenye bunduki za plastiki wanaofukuzana kwa boti mbili kabla ya jua kuchomoza katika mkondo wa Pemba watakutana na boti ya tatu ambayo haimo katika skripti.